Picha ya Hatua ya Mia

Fundi Picha alizaliwa na kinyaa jinsi wengine wanavyozaliwa na sauti ya kuimba. Kikombe chenye ufa hakinywei hata kiu imkabe. Mlango wa choo cha kazini huufungua kwa kiwiko. Mumewe huwaambia wageni kwamba mkewe huiosha sabuni kwanza ndipo aiogee, na wageni hucheka, naye hucheka nao kwa kuwa si uongo. Utotoni alitaka kuwa daktari, mpaka siku aliposhuhudia kaka yake akitumbuliwa jipu. Alitapika juu ya viatu vyake mwenyewe, na udaktari ukaishia hapo hapo.

Basi akatafuta kazi isiyonuka, na akaipata. Ghorofa ya tatu ya chuo, kwenye chumba chenye kompyuta nne, feni inayolalamika na dirisha lisilofunguka, palikuwa na maabara isiyo na chupa wala panya. Viumbe wake waliishi ndani ya kompyuta. Mkuu wa maabara ndiye aliyewabuni, na kazi hiyo aliiita uhai bandia. Kila kiumbe alikuwa mstari mmoja wa namba: yuko wapi, ana njaa kiasi gani, mama yake ni yupi, anaelekea upande gani. Hatua baada ya hatua walitembea, wakala, wakazaa, wakafa. Hakuna aliyewafundisha kitu. Aliyezaliwa na tabia ya kumfaa aliishi na kuirithisha, asiyekuwa nayo alifutika, basi.

Tatizo la namba ni kwamba milioni tatu zikimwagwa mezani hazimwambii mtu lolote. Ndiyo maana Fundi Picha aliajiriwa. Aliandika skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine bila kununa, ya kusoma zile faili za namba na kuzigeuza picha. Mama akawa duara kubwa la rangi ya chungwa. Mtoto akawa nukta ndogo ya njano. Chakula kikawa vumbi la kijani. Na kwa kuwa alipenda kazi yake, alimchorea kila kiumbe mkia mwembamba kwa nyuma, ili mtazamaji ajue anatoka wapi na kichwa chake kinaelekea wapi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha moja kati ya hizo ilikuwa imempandisha chati Mkuu mwaka mzima. Ilionyesha mama wengi wa rangi ya chungwa, kila mmoja amezungukwa na watoto wa njano duara zima, mithili ya ua lililochanua. Mkuu aliipa jina "Mama na Wanawe". Alisema imethibitisha kwamba malezi huzuka yenyewe. Huhitaji kumfundisha kiumbe upendo, mwache tu aishi vizazi vya kutosha. Kwenye kila mhadhara alimalizia kwa methali ile ile, kuku havunji yai lake, na kila mara watu walipiga makofi.

Sasa jarida moja la kisayansi lilikuwa limekubali kuichapa kazi hiyo. Lilibakiza jambo dogo: aliyechora picha atie saini fomu ya kuthibitisha kwamba picha zinawakilisha data yote jinsi ilivyo. Mkuu alisema Fundi Picha ataisaini fomu hiyo siku ya Alhamisi baada ya sherehe, na hapo hapo naye Mkuu atamsainia mkataba wake wa miaka miwili, kwani ule wa zamani ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Saini kwa saini. Fundi Picha aliona ni mpango mzuri tu.

Sherehe yenyewe ilitokana na wifi yake. Huyu alikuwa dada wa mumewe, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto katika hospitali iliyo hatua chache kutoka chuoni, mwanamke mwenye mikono mikubwa na mdomo usio na breki. Mwishoni mwa wodi yake palikuwa na ukuta wenye ukungu. Ulipakwa rangi mara mbili, na mara mbili ukungu ukatoboa ukarudi, mweusi katikati na kijani pembeni. Wifi akaona picha ya "Mama na Wanawe" kwenye simu ya kaka yake, akasema nyinyi mna mapambo huko na mimi nina ukuta unaooza, nipeni. Mkuu aliposikia alifurahi kupita kiasi. Picha ingechapwa kwa ukubwa wa ukuta mzima, jina la maabara chini yake, jina la Fundi Picha pia, na kamati ya chuo inayompandisha cheo Mkuu ingealikwa kuizindua mbele ya watoto wagonjwa.

Jumatatu Fundi Picha alichukua sampuli, karatasi ya ukubwa wa meza, akaenda nayo wodini. Wifi alitoka nyuma ya pazia akivua glavu zilizolowa kitu ambacho Fundi Picha hakutaka kukijua.

"Karibu, wifi. Umeosha mikono? Maana wewe utatuambukiza usafi humu."

Fundi Picha alicheka huku akijibana pumzi. Walitandika karatasi juu ya kitanda kitupu. Akamweleza wifi yake rangi na maana zake, mama, watoto, chakula, mikia. Wifi aliinama akaitazama kwa muda, jinsi anavyotazama kidonda kabla ya kukigusa.

"Hawa watoto wanakwenda wapi?" aliuliza.

"Hawaendi popote. Wako na mama yao."

"Si umesema mkia uko nyuma? Angalia. Mikia yote iko kwa mama. Vichwa vyote viko nje. Wamempa mgongo, wifi, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho." Alinyooka akashika kiuno. "Mimi nina watoto ishirini na wanane humu. Mtoto akiona sindano humkimbilia mama. Sijawahi kuona wodi nzima ikimkimbia."

Fundi Picha alisema ni mchezo tu, watoto wanatawanyika kucheza. Wifi alisema haya, labda, na akarudi nyuma ya pazia. Lakini Fundi Picha alipokuwa akivuka barabara kurudi chuoni, lile neno lilimng'ang'ania. Mwaka mzima ameitazama picha hiyo, maprofesa wameitazama, wahariri wameitazama, na wote wakaona ua.

Alifika maabara akafungua skripti yake. Kulikuwa na agizo moja, la kumi na nne kutoka juu, lililosema: chora picha kila hatua ya mia. Namba za hatua zote zilikuwepo kwenye diski, kwa kuwa namba ni nyepesi; picha ndizo zilizokuwa nzito, ndiyo maana ilichorwa moja na kurukwa tisini na tisa. Alifuta mia akaandika moja. Akachagua msimu mmoja tu, hatua mia mfululizo, akabonyeza, akasubiri, kisha akaanza kuzitazama moja moja.

Picha ya kwanza ilikuwa ua. Katika ya kumi watoto walikuwa wamesogea mbali kidogo, vichwa nje, wakijitahidi. Ilipofika ya thelathini vumbi la kijani lilikuwa limekwisha. Katika ya arobaini mama mmoja aligeuka.

Alidhani ameona vibaya, akarudi nyuma picha tatu, akaenda mbele tena polepole. Mama aligeuka, akamfuata mtoto wa karibu, na picha iliyofuata mtoto hakuwepo, na mama alikuwa amenenepa kidogo. Akamfuata wa pili. Mama wa jirani naye alikuwa ameanza. Hawakupigana, hawakunyang'anyana, kila mmoja alikula wa kwake. Watoto walikimbia kwa nguvu zote, na mama walikwenda haraka zaidi yao, kwa kuwa walikuwa wakubwa na walikuwa wameshiba ndugu za watoto hao. Kufikia picha ya themanini ukurasa ulikuwa na maduara ya chungwa tu, yamevimba, yanameta, yametulia, kama kupe walioshiba damu. Nukta za njano zilibaki nne pembezoni, zile zenye mbio kuliko zote. Hatua ya tisini mvua ya chakula ikanyesha, kwa kuwa Mkuu alikuwa ameupangia ulimwengu wake msimu wa hatua mia. Mama wakala, wakazaa tena. Na hatua ya mia, haya, ua limechanua, zuri, jipya, tayari kwa kupigwa picha.

Akaelewa kila kitu kwa mpigo, na akatamani asingeelewa. Watoto walizaliwa wakikimbia kwa sababu aliyezaliwa bila haraka aliliwa. Wale wanne waliopona ndio waliokua wakawa mama, na walipokuwa mama wakafanya hayo hayo. Hazikuwa familia. Zilikuwa ghala za chakula, na mama alizaa watoto ili awe na akiba ya kiangazi. Skripti yake ilikuwa ikifika kwa kila familia siku moja tu katika msimu, siku ya shibe, ikipiga picha na kuondoka.

Mate yalimjaa mdomoni. Alitoka mbio mpaka chooni, akasukuma mlango kwa kiganja kizima, akatapika.

Alipokuwa akisukutua, akakumbuka jambo lililomchefua kuliko lile. Hizi picha alikuwa amewahi kuziona. Mwaka jana, skripti ilipokuwa changa, alikuwa akichora kila hatua ya saba. Zilitoka nyingine zenye watoto na nyingine zisizo na mtoto hata mmoja, na yeye akadhani skripti inaruka mistari ya namba. Aliona aibu. Alihangaika siku mbili akitafuta kosa lake, hakulipata, akazifuta karibu picha mbaya zote na kwenda kuungama kwa Mkuu. Mkuu alizitazama chache zilizobaki, akairudia moja mara mbili, kisha akasema diski inajaa bure, chora kila hatua ya mia. Naye akashukuru. Mia ni namba nzuri, imekaa duara, nani angeitilia shaka? Maiti alizifuta kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anafuta uchafu.

Jumanne asubuhi alimkuta Mkuu ofisini akila mayai ya kuchemsha. Alikuwa akiyamenya juu ya rasimu za wanafunzi, na maganda yalikuwa yamejaa kwenye kibodi ya kompyuta. Fundi Picha alisimama mbali na meza, akaeleza yote, msimu, hatua ya arobaini, mama kugeuka. Alieleza kwa haraka, kwa huruma hata, maana alidhani anamletea mzee wa watu habari za msiba. Alijiandaa kumwona akishtuka.

Mkuu alitafuna akameza. Aliuliza nani mwingine ameona. Fundi Picha akamjibu kwamba hakuna aliyeona picha za katikati, ila muuguzi wa wodini amegundua mikia.

"Basi kata mikia," alisema Mkuu.

Fundi Picha alimtazama usoni. Kiini cha yai kilikuwa kimemkauka pembeni mwa mdomo, na kila alipozungumza kilicheza.

"Ulijua," alimwambia.

"Data ni nyingi, binti yangu. Kila picha huchagua. Nani hutundika ukutani picha ya bibi harusi akitafuna?" Alijifuta vidole kwenye suruali, akavuta ile fomu ya jarida na kuisogeza upande wa Fundi Picha. "Niambie, kuna nukta hata moja uliyoibuni? Hakuna. Kila kilichomo kwenye picha ile kilikuwepo. Sasa kosa liko wapi?"

Na hapo ndipo palipomtia Fundi Picha kichefuchefu, kwamba mzee yule hakuwa akidanganya. Hakuna nukta iliyobuniwa. Kama picha ingekuwa na mtoto mmoja wa uongo angejua pa kushika. Lakini huu ulikuwa ukweli uliooshwa ukapigwa pasi. Kwenye kona ya fomu, pale penye nafasi ya saini, palikuwa na alama ya kidole gumba ya rangi ya njano. Alisema atafikiria. Mkuu akasema fikiria, lakini Alhamisi si mbali, na mikataba hii ina watu wengi wanaoitamani. Akachukua yai la pili akaligonga kwenye ukingo wa meza.

Mikia hakuikata. Ilikatwa na Mkuu mwenyewe alasiri ile ile. Lilikuwa agizo moja tu la kufuta, hata mtu asiyejua kuandika skripti angeweza, na faili ikaenda kwa mchapaji.

Nyumbani mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu mwema, kisha akamuuliza kuna aliyekufa? Si namba hizo? Si yeye mwenyewe aliyekuwa akisema namba hazinuki? Kazi ni kazi, na mwisho wa mwezi unakuja. Fundi Picha alisukuma sahani, akaenda kunawa mikono, akanawa tena, na bado aliiona ile alama ya njano.

Jumatano mchana akaenda wodini. Picha ilikuwa imeshabandikwa, karatasi ya plastiki yenye gundi, kuanzia dari mpaka sakafuni, na ukungu wote umefichika nyuma yake. Bila mikia watoto wa njano walikuwa laini, wametulia, wamemlalia mama. Ilikuwa picha nzuri, na hilo lilimuudhi zaidi. Watoto wa wodi walikuwa wameshajigawia. Msichana mmoja mwenye mguu wa plasta alimwonyesha nukta moja akasema huyu ni mimi, na hili kubwa ni mama, kesho anakuja. Fundi Picha aliona jina lake pale chini, kwa herufi kubwa, akageuza uso.

Alimkuta wifi yake katika chumba cha nyuma akiosha vyombo vya haja vya wagonjwa. Harufu ilimpiga usoni. Siku nyingine angeishia mlangoni. Leo aliingia, akasimama kando ya sinki, akasema kila kitu bila kuficha, hata zile picha alizozifuta mwaka jana, hata maneno ya Mkuu kuhusu bibi harusi. Alitegemea wifi atafanya mzaha. Wifi aliendelea kusugua.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini," alisema mwishowe, "nilikuwa na mtoto wa kitanda cha tisa. Joto lake nilipima kila asubuhi. Jioni kazi zilikuwa nyingi, nikasema aa, asubuhi yatosha. Kila asubuhi alikuwa mzima. Karatasi yake ilikuwa safi, mstari umenyooka, daktari anapita anasema vizuri sana." Alifunga bomba. "Homa yake ilikuwa ya jioni, wifi. Tulipokuja kujua alikuwa ameshaondoka. Na ile karatasi haikuwa na namba hata moja ya uongo."

Wifi akamwambia hajawahi kumsimulia mtu, hata kaka yake. Tangu siku ile hupima joto mara sita kwa siku, wauguzi wachanga humchukia, na yeye hajali.

"Ukuta ni wangu, na bado nautaka upambwe," alisema akikausha mikono. "Lakini jina pale chini ni lako. Sema wewe."

Alhamisi, kabla hata ya kunywa chai, Fundi Picha aliwaandikia wahariri wa jarida. Barua ilikuwa fupi. Alisema picha waliyonayo ni moja kati ya mia, kwamba aliyechagua hiyo moja alijua zilizobaki zinaonyesha nini, na kwamba hawezi kuisaini fomu. Aliambatanisha zote mia, pamoja na mikia yake. Mwishoni aliongeza kwamba zile za mwaka jana alizifuta yeye mwenyewe kwa ujinga, ili asije akajifanya malaika. Alipotuma, alijua ameshaaga mkataba wake.

Saa mbili alikuwa wodini. Watoto walikuwa wamepelekwa kuogeshwa na kunywa uji. Wifi alimpa glavu, na glavu zikamshinda, kwa sababu gundi ilizivuta na kuzichana, akazitupa. Alishika ukingo wa picha kwa kucha zake kumi akavuta.

Ilitoka kwa shida, ikilia. Nyuma yake ukuta ulikuwa umetoa jasho usiku kucha. Ukungu ulikuwa umekunywa gundi ukanona, ukawa ute mweusi unaonata, wenye harufu ya viatu vilivyosahauliwa kwenye maji. Ulimwingia kwenye kucha, ukamtiririkia mpaka kwenye viwiko, vile viwiko alivyovitunza kwa ajili ya milango ya vyoo. Machozi ya kinyaa yalikuwa yakimtoka, na hakuacha. Wifi alivuta upande wa pili. Wakafika katikati, wakakunja lile ua mara nne, wakalisokomeza kwenye pipa la taka za bandeji.

"Wewe ndiye wifi yangu anayeosha sabuni?" aliuliza wifi.

"Usinichekeshe, nitatapika."

Hawakupata muda wa kuosha ukuta wala mikono. Watoto walirudishwa vitandani, na saa nne kamili Mkuu aliingia na kamati yake, watu watano, amevaa tai mpya, akiongea kwa sauti ya mhadhara tangu mlangoni. Alikuwa akitembea kinyumenyume ili awatazame wageni wake. Alifika mwisho wa wodi, akanyoosha mkono kuelekea ukutani bila kugeuka, akasema, "Mabibi na mabwana, uhai uliozuka wenyewe."

Wageni walitazama. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani minene, alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisifu jinsi weusi unavyofifia kuwa kijani pembeni, jinsi mabaka yanavyotambaa na kukutana, akasema ni ajabu kompyuta kuchora hivi, mtu angeapa kwamba kitu hiki kinaishi. Wengine wakaitikia. Mmoja alipiga picha kwa simu. Mkuu aligeuka, akauona ukuta, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Huo ni ukungu, mzee," alisema wifi. "Unaishi kweli. Tumeupaka rangi mara mbili na bado."

Mzee alirudisha nyuma kidole alichokuwa ameshagusia, akakifuta kwenye koti lake, akakifuta tena. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akauliza, kwa adabu ya mtu aliyeaibika, picha yenyewe basi iko wapi. Wageni wakamtazama Mkuu. Mkuu akamtazama Fundi Picha, na macho yake yakashuka mpaka kwenye mikono yake, myeusi kuanzia kucha mpaka viwikoni.

"Iko kwenye taka," alisema Fundi Picha. "Niliitoa mimi. Ilikuwa moja kati ya mia, na tisini na tisa hatukuwaonyesha. Wahariri wamezipata zote leo asubuhi."

Mkuu alianza kusema kuna kutoelewana, kuna uchovu, binti huyu amefanya kazi nyingi mno. Mzee hakumtazama. Alivua miwani yake akaishika.

"Hizo tisini na tisa zina nini?"

Fundi Picha alifungua mdomo. Kisha akaona vitanda, safu mbili, na vichwa ishirini na vinane vimeinuka kwenye mito vikimsikiliza. Msichana mwenye mguu wa plasta alikuwa amekaa kabisa.

"Twende nje nikuambie," alisema. "Hapa kuna watoto."

Alitangulia, na mlango aliufungua kwa ule ule mkono mchafu. Mzee alimfuata, na wale wanne wakamfuata mzee, hadi wodi ikabaki na wenyewe. Mkuu alikuwa bado amesimama mbele ya ukuta, tai yake mpya shingoni, akitafuta pa kushika. Msichana mwenye plasta akamuuliza wale wadogo wa njano wamekwenda wapi.